Soda ya zero, blenda ya jikoni na kilo tatu zilizorudi

"Nina miaka 41, nakaa Dar es Salaam, kazi yangu ni ya kukaa ofisini. Mwaka jana nilipungua kutoka kilo 92 hadi 81 kwa miezi minane. Niliacha soda, nikapunguza wali wa usiku, nikawa natembea jioni. Soda zilikuwa mbili kwa siku, nikahamia za zero, zisizo na sukari, nazo mbili: moja na chakula cha mchana, moja jioni. Mwezi wa pili mwaka huu nikanunua blenda, na sasa naenda kazini na chupa yangu ya juisi ya embe na pasheni, sitii sukari. Kwenye chai ya maziwa pia sukari nimeacha, naweka asali, kijiko kimoja cha chakula kwa kikombe, vikombe viwili kwa siku. Nikiamka nakunywa maji ya uvuguvugu yenye ndimu na tangawizi. Lakini tangu mwezi wa tatu kilo tatu zimerudi, sasa nina 84. Wifi yangu anasema ni hiyo zero: inadanganya kongosho, inanenepesha kuliko soda yenyewe, tena ina kansa. Ameniletea chai ya kukata mafuta. Je, niache zero nirudi kwenye soda moja ya kawaida? Ninywe nini hasa ili uzito usirudi wote?"

Dada yangu, nianze na jibu fupi, maana najua kuna chupa kwenye friji zinasubiri hukumu. Usirudi kwenye soda ya kawaida, hata hiyo moja. Ukitaka kuiacha zero, sababu zipo na nitakutajia, ila kilo tatu hizi sizioni humo. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nilisimama palepale: kwenye blenda.

Tupige hesabu pamoja. Soda ya kawaida huwa na sukari gramu 10 hadi 11 hivi kwa kila mililita 100, na nyingine zinavuka hapo. Utaliona kwenye kibandiko ukigeuza chupa. Chupa ya mililita 350 basi inabeba gramu 37 hivi, sawa na vijiko tisa vya chai, kalori kama 150. Mbili kwa siku ni 300. Siku ulipohamia zero ulizifuta zote hizo bila kufunga wala kulala njaa, na sina shaka zilichangia sana zile kilo 11.

Kisha ikaja juisi. Hukuniambia chupa yako ni ya ukubwa gani. Nyingi ninazoziona wagonjwa wakizibeba ni za nusu lita, nichukulie hivyo. Juisi ya matunda matupu, bila hata punje ya sukari ya dukani, ina kalori kati ya 45 na 60 kwa mililita 100. Ukiiongezea maji zinapungua, ukiifanya nzito ya embe zinapanda. Nusu lita basi ni kama 250. Na asali je? Kijiko cha chakula cha asali ni gramu 20 hivi, kalori 60. Kama zamani uliweka vijiko viwili vya chai vya sukari, zilikuwa kalori 32 tu kwa kikombe. Asali ni nzito, inajaa kijiko kuliko sukari, na wewe umebadilisha na kijiko chenyewe. Ulidhani umeacha utamu, kumbe umeuongeza karibu mara mbili.

Sasa upande wa pili. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba kalori zipatazo 7,700. Kilo tatu ni 23,100. Zigawe kwa siku 90, unapata 257 kwa siku. Mwili hauendi kwa hesabu za dukani, na katika kilo hizo tatu huenda imo moja ya maji matupu, kwa hiyo usinishike kwa tarakimu. Lakini angalia ukubwa wake: ni chupa moja ya juisi. Na angalia tarehe: blenda mwezi wa pili, uzito mwezi wa tatu. Zero ulikuwa ukiinywa miezi yote minane uliyokuwa unapungua. Mshitakiwa wa wifi yako alikuwepo kabla ya kosa kutendeka.

Najua hapa ndipo watu wengi hunikatalia. Juisi ni matunda, na matunda ni mazuri, mtaalamu gani huyu anayekataza matunda? Sikatazi. Nataka uyale. Ukikaa na embe, utalimenya, utalitafuna, mikono itachafuka, nyuzinyuzi zitakujaa tumboni, na ukimaliza moja kubwa hutatamani la pili. Ukiyatia maembe mawili na pasheni tano kwenye blenda, utayamaliza kwenye foleni ya Ubungo bila kujua umekula. Na saa saba mchana utakaa mezani na njaa ileile, upakue sahani ileile.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waliwachukua watu 15 wakawapa kalori 450 za ziada kila siku kwa wiki nne. Kwanza wengine walizipata kama soda na wengine kama pipi za jeli za kutafuna, kisha wakabadilishana. Walipokula pipi, bila kuambiwa, walipunguza chakula kingine kiasi kwamba jumla ya siku haikubadilika sana. Walipokunywa soda hawakupunguza kitu. Soda ilikaa juu ya chakula chote na uzito ukapanda. Sukari ilikuwa kwenye vyote viwili. Tofauti ilikuwa kutafuna na kumeza. Tumbo na ubongo haviandiki vizuri kwenye daftari kile kinachopita koo kama maji.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (WHO), lilipotoa mwongozo wake wa sukari mwaka 2015, liliweka sukari ya juisi na ya asali kwenye kapu moja na ya dukani. Likasema sukari za aina hiyo zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana zishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi. Juisi yako ya nusu lita peke yake inaweza kufika gramu 50 au kuzipita. Tunda zima halimo kwenye kapu hilo.

Kuna jambo la pili, na hili nakuomba ulisome bila kujilaumu. Mwili uliopungua kilo 11 si mwili uleule wenye nguo ndogo. Unatumia nishati kidogo kuliko zamani: kwa kila kilo iliyotoka, matumizi ya siku hushuka kwa kalori 20 hadi 30. Kwako ni kama kalori 220 hadi 330 kila siku, hata ukitembea jioni kama kawaida. Na kwa kila kilo hiyohiyo, hamu ya kula hupanda kwa kiasi cha kalori 100 kwa siku. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walipima damu za watu 50 waliopunguzwa uzito kwa wiki kumi, wakawapima tena mwaka mmoja baadaye. Homoni za njaa bado zilikuwa juu na za shibe bado ziko chini. Mwaka mzima mwili ulikuwa unadai ulichonyang'anywa.

Kwa hiyo mtu anaposema "wewe umerudia uvivu," hajui anachosema. Kulinda uzito ni kazi tofauti na kupunguza, na ni ngumu zaidi, kwa sababu kipindi hiki mizani haikusifu tena kila wiki. Juisi ambayo ulipokuwa na kilo 92 ingepita bila kelele, leo inaonekana. Na njaa inapokuwa juu, kinywaji kitamu kinachojiita afya huingia bila kubisha hodi.

Tumgeukie wifi. Sitaki umgombeze. Anayosema hajayabuni, ameyasikia mahali, na kila moja lina kijipande cha ukweli ndani yake.

La kwanza, kwamba zero inanenepesha. Ni kweli tafiti kubwa zinazofuatilia watu kwa miaka zimekuta kwamba wanywaji wa soda zisizo na sukari huwa wanene zaidi, na wana kisukari zaidi. Sasa nenda kliniki yoyote ya kisukari asubuhi, uulize nani anakunywa chai bila sukari. Mikono mingi itanyooshwa. Je, chai bila sukari ndiyo iliyowapa kisukari? Watu huanza zero kwa sababu uzito umeshapanda au daktari ameshawatisha. Tafiti za namna hii hujitahidi kuliondoa tatizo hilo kwa hesabu, lakini haliishi lote.

Majaribio, ambapo watu hugawanywa kwa kura, yanasema kingine. Huko Uholanzi watoto 641 wa umri wa takriban miaka mitano hadi kumi na moja walipewa kopo moja la mililita 250 kila siku kwa mwaka mmoja na nusu. Nusu walipata lenye sukari, nusu lisilo nayo, na makopo yalifanana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: wa sukari waliongezeka kilo 7.37, wa bila sukari kilo 6.35. Kilo nzima ya tofauti, kwa kopo moja tu.

Hapo zero ilishindana na sukari. Ikishindana na maji, mambo hayaendi upande mmoja. Liverpool, Uingereza, watu wazima 493 waliingia kwenye mpango wa kupunguza uzito wa mwaka mmoja, wengine wakinywa maji na wengine vinywaji visivyo na sukari, viwili kwa siku, kipimo chako kabisa. Wa zero walipungua kilo 7.5, wa maji 6.1. Colorado, Marekani, tofauti ilikuwa kubwa zaidi, kilo 6.2 kwa 2.5, tena upande wa zero. Lakini majaribio haya mawili yaligharamiwa na chama cha watengenezaji wa vinywaji wa Marekani. Haimaanishi ni ya uongo. Inamaanisha mimi na wewe tuyasome kwa jicho la mnunuzi wa gari lililotumika. Iran, ambako wanawake wanene walibadilisha kinywaji cha baada ya chakula cha mchana tu, mambo yaligeuka: baada ya wiki 24 wa maji walipungua kilo 8.8, wa zero 7.6. Ukiziweka zote mezani unaona tofauti ya kilo moja hadi karibu nne huku, kilo moja kule. Hakuna mahali zero ilipomnenepesha mtu kushinda sukari.

Huenda wifi amesikia pia kwamba WHO imekataza. Mei 2023 shirika hilo lilitoa pendekezo kwamba vitamu visivyo sukari visitumike kama njia ya kudhibiti uzito. Ni pendekezo lenye masharti, kwa maneno yao wenyewe, yaani ushahidi haukuwa mzito wa kutosha kusema kwa sauti kubwa, na hawakuwajumuisha wenye kisukari tayari. Walichoona ni kwamba kwenye majaribio ya muda mfupi waliotumia vitamu hivyo walipungua, kwa wastani wa kilo 0.7 hivi, lakini hakukuwa na ushahidi wa faida ya kudumu, na zile tafiti za miaka mingi ziliwatia wasiwasi. Mimi nawaelewa. Wao wanaandikia dunia nzima, pamoja na mtoto wa miaka sita ambaye hajaonja soda. Huyo hana sababu ya kuanzishwa zero. Wewe ulikuwa unakunywa soda mbili kila siku. Kwako zero ilichukua nafasi ya gramu 74 za sukari. Swali la kila kinywaji ni hilo: kimekaa mahali pa nini?

La pili, kongosho kudanganywa. Hoja yake ni kwamba ulimi ukionja utamu, kongosho hutoa insulini, sukari isipofika, insulini hiyo inashusha sukari ya damu na unapata njaa. Ni hoja inayoingia akilini. Lakini watu wamepewa vinywaji hivi maabara wakatolewa damu kila dakika chache, na katika majaribio mengi sukari wala insulini hazikupanda kwa kiasi cha kujali. Kijipande cha ukweli kipo kwa bakteria wanaoishi tumboni: utafiti wa Israeli wa mwaka 2022, kwa watu wazima 120 ambao hawakuzoea vitamu hivi, ulionyesha kwamba vitamu viwili, sakarini na sukralosi, vilibadilisha bakteria hao, na kwa baadhi ya watu vikabadilisha namna mwili unavyopokea sukari. Baadhi, si wote, na kwa wiki mbili tu za matumizi. Naufuatilia uwanja huo kwa makini. Haujafika mahali pa kumwambia mtu arudi kwenye soda yenye sukari.

La tatu, kansa. Julai 2023 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, IARC, liliiweka aspartami, kitamu kimoja kinachotumika kwenye soda nyingi za zero, kwenye kundi 2B: huenda ikasababisha saratani kwa binadamu, ushahidi haujitoshelezi. Kwenye kundi hilohilo imo dondoo ya jani zima la mshubiri, ambalo nyumba ngapi wanalikamua na kulinywa kama dawa. Pombe iko kundi la kwanza kabisa, lenye ushahidi kamili, pamoja na soseji na nyama nyingine za kusindikwa. Sijui wifi yako anakunywa nini Jumamosi, na si kazi yangu kuuliza. Wakati huohuo kamati nyingine ya WHO na FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa), inayopima viwango, ilibakiza kiwango chake palepale: miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 70 walikadiria kwamba angehitaji makopo 9 hadi 14 kwa siku kukivuka. Wewe uko kwenye mawili. Wanaopaswa kuiepuka aspartami kabisa ni watu waliozaliwa na ugonjwa wa kurithi uitwao fenilketonuria, ndiyo maana onyo la fenilalanini, sehemu ya aspartami ambayo miili yao haiwezi kuivunja vizuri, huandikwa kwenye kopo.

Basi kwa nini bado ningefurahi ukiipunguza? Kwanza, kwa kinachokaa pembeni yake. Nikiwauliza watu zero yao wanainywa na nini, jibu mara nyingi ni chipsi mayai, au sambusa mbili za saa kumi. Kuna biashara fulani ya kichwani: nimechukua zero, basi naweza kuongeza kuku. Zero ikigeuka risiti ya kulia zaidi, imekula faida yake yote. Jichunguze kwenye hiyo ya mchana. Pili, meno. Soda bila sukari bado ni asidi, na asidi hula meno hata pasipo sukari. Ukinywa, maliza, usiionje onje kwa saa mbili nzima mezani. Tatu, ile ya jioni. Kama ni kola ina kafeini, na kama inakuchelewesha kulala, usingizi mfupi unaongeza njaa ya kesho. Nne, ulimi. Baadhi ya watu wakizoea utamu mkali kila siku, tunda la kawaida huliona kama limepooza. Sina ushahidi wa kukuambia ni wote. Wewe mwenyewe utajua ukikaa wiki mbili bila.

Ningekuwa wewe, ningeiacha ya mchana nibaki na ya jioni, au kinyume chake kama ya jioni ndiyo inayokukesha. Mahali pake weka maji. Kuna jaribio la Uingereza la mwaka 2015 ambapo watu wazima wanene waliokunywa nusu lita ya maji nusu saa kabla ya mlo walipungua kilo 1.3 zaidi ya wenzao kwa wiki 12. Si muujiza, ila ni bure, na kwa joto letu mwili unayahitaji vyovyote. Maji yakikuchosha, tia ndani vipande vya tango au majani ya mnanaa, au ndimu. Hiyo ndimu na tangawizi ya asubuhi endelea nayo kama unaipenda. Haikati mafuta wala haisafishi damu, damu inasafishwa na figo na ini lako bila malipo, lakini ni kikombe cha maji na haina kalori za kuhesabu.

Chai ndiyo urithi wetu na sitakuomba uiache. Fanya kikombe cha asubuhi kiwe cha maziwa, na cha mchana kiwe cha rangi, chenye mchaichai au iliki na mdalasini, viungo vinavyoupa ulimi kitu cha kushika utamu unapopungua. Asali ishushe polepole: kijiko cha chakula kiwe kijiko cha chai, wiki mbili baadaye nusu kijiko, kisha uone. Ukikata ghafla utarudi ndani ya siku nne, nimeshaona mara nyingi mno. Kahawa chungu haina tatizo la uzito; kashata pembeni yake ndiyo yenye hesabu. Dafu ni afadhali sana kuliko juisi, kalori 20 hivi kwa mililita 100, kwa hiyo moja mara mojamoja halina neno. Mtindi na maziwa uvihesabu kama chakula, sio kinywaji, maana vinashibisha na vina protini, uji vilevile. Na kama kuna mtoto nyumbani, tafadhali usiwe mmaliziaji wa kikombe chake cha uji. Akina mama hawaandiki hicho popote.

Pombe hukuitaja. Kama ipo: bia ya nusu lita ni kalori 200 na kidogo, na ile konyagi ya kuchanganya na soda tamu hupita hapo kirahisi. Malti isiyo na kilevi ina sukari yake pia, isome.

Blenda usiitupe. Itafaa kwa supu ya maboga, kwa kusaga nyanya na tangawizi ya mboga. Juisi ibakize kwa Jumapili au wageni, glasi ndogo, ikiwa na maji mengi. Embe la kazini libebe likiwa limekatwa kwenye kontena.

Ile chai ya kukata mafuta irudishe kwa heshima. Nyingi ya chai hizi zina sanamaki, ileile iliyotumiwa na bibi zetu kufungua choo. Inakuharisha, unapoteza maji, mizani inashuka kilo moja Jumatatu na kuirudisha Jumatano, mafuta yakiwa pale pale. Ukiitumia kwa wiki nyingi utumbo huzoea na madini kama potasiamu hushuka, jambo la hatari kwa moyo, hasa kwa mtu anayemeza dawa za presha za kukojoa. Kama chai haina orodha ya viungo, ndiyo mbaya zaidi.

Sasa yale ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Nenda ukapime sukari ya damu na presha, kwa umri na uzito wako hata bila dalili ni wakati wake. Nenda mapema zaidi kama una kiu isiyoisha, unaamka usiku kukojoa, au uzito unashuka wenyewe bila sababu. Mwambie daktari dawa zote unazotumia, pamoja na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu: kwa baadhi ya wanawake huongeza uzito, na njia nyingine zipo. Prednisoloni ya kutuliza uvimbe, dawa za kisukari kama insulini na glibenklamaidi, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili nazo huongeza. Usiache yoyote kwa uamuzi wako, uliza tu kama kuna mbadala. Kama unachoka ovyo, unahisi baridi kuliko wengine na choo kigumu, mwombe kipimo cha tezi ya koo. Kama siku zako zimevurugika, sema. Kama kuna nyakati unakula bila kuweza kujizuia kisha unajificha au unajitapisha, hilo nalo ni la kliniki, na halina aibu. Na kama uzito utaendelea kupanda pamoja na marekebisho haya, usisubiri kilo 92: zipo dawa, na kwa wengine upasuaji, vya kujadiliwa uso kwa uso.

Onyo moja kwa wasomaji wenye kisukari wanaochoma insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari: mkishikwa na jasho, kutetemeka na kizunguzungu cha sukari kushuka, zero haitawasaidia kitu. Hapo ndipo soda ya kawaida au sukari yenyewe inapokuwa dawa. Wanaokaa nanyi nyumbani wajue tofauti ya chupa hizo mbili.

Kabla ya kwenda kliniki, dada, andika kila ulichokunywa kwa siku tatu, mbili za kazi na moja ya wikiendi. Na ukienda beba chupa yenyewe ya juisi na kijiko chenyewe cha asali, sio maelezo yake. Mgonjwa wangu mmoja aliyeniapia kwamba hunywa glasi moja tu kwa siku, siku alipoileta glasi hiyo ilikuwa jagi.